Faili Namba Sabini na Moja

"Shemeji, nimeuzwa!"

Mjane aliibwaga barua juu ya mitihani ya falsafa ambayo profesa alikuwa akiisahihisha.

"Nihame mwisho wa mwezi. Nyumba niliyoachiwa na marehemu! Na wewe umo kwenye hiyo kamati ya nyumba za wajane wa jeshi."

Profesa aliisoma barua ya faili namba sabini na moja akiwa amesimama. Mume wa mama huyu ndiye aliyemtoa vitani, enzi hizo profesa akiwa kapteni. Profesa alipigwa risasi akapoteza fahamu, akazinduka hospitalini asijue alifikishwaje, na mwokozi wake alikuwa ameshazikwa. Baada ya jeshi aliingia benki, kisha akawa mshauri wa serikali, mwishowe chuo kikuu. Miaka yote hiyo hakuacha kumjulia hali mjane.

"Mbona hukuniambia kwamba umeomba kubaki?"

"Nije kukulilia upendeleo? Marehemu angenicheka. Nilijua ukisoma maelezo yangu utanijua tu."

Majina yalifutwa kwenye mafaili yote, zikabaki namba. Kanuni hiyo profesa aliitunga mwenyewe, ili haki isiangalie sura ya mtu, na wizara ilimpongeza kwa barua. Kura zilikuwa za siri. "Hapana" moja ilitosha kumtoa mtu nyumbani.

"Tuko watatu," alisema. "Yule wa benki ni mkono wa birika, nimefanya naye kazi miaka tisa. Yule wa wizara ni kigeugeu. Ni mmoja wao. Twende!"

Walimkuta karani wa kamati akifunga kabati.

"Mama karani, tufungulie bahasha ya kura. Faili namba sabini na moja."

"Profesa, kanuni yako inakataza."

"Kanuni ni yangu, na leo naivunja. Shemeji yangu ana haki ya kumjua msaliti wake."

"Mbele yake hapa?"

"Mbele yake. Au nawe umo?"

Karani alifungua tena kabati, akaitoa bahasha na kuichana. Karatasi ya mtu wa benki: ndiyo. Ya mtu wa wizara: ndiyo.

Ya tatu profesa hakunyoosha mkono kuipokea. Mjane aliichukua, akavaa miwani, akaisoma kwa sauti:

"Hapana. Eti askari mmoja alimbeba ofisa wake mgongoni siku mbili! Mwombaji ametia chumvi."