Video Iliyojicheza Yenyewe

Mama alikuwa akipitia picha za watu mtandaoni, mara video ikaanza kucheza yenyewe. Ndani yake kaka yangu alikuwa amelala kando ya pikipiki iliyopondeka, akiomba maji.

Mume wangu, aliyekuwa naye siku ya ajali, alituapia kwamba kaka alikata roho papo hapo.

Nilimpokonya mama simu. Kwa hasira, niliingia kwenye mipangilio nikazima video zisijicheze tena.

"Umechelewa, mwanangu," mama alisema. Macho yake yalikuwa makavu. "Nimemsikia anayerekodi akisema, 'Msimguse kwanza.' Sauti hiyo unaijua."

Niliijua. Mwenye sauti, mume wangu, alikuwa sebuleni, akiuliza kama chai imeiva.

Niliongeza sauti ya simu hadi mwisho, nikaicheza tena video ile, nikamfuata.