Duara Lililomfuata Mwanya

Duara jekundu lilimganda Mwanya usoni tangu mlangoni mwa ukumbi hadi karibu na meza ya keki. Mshonaji aliliona vizuri kabisa kwenye kioo cha kompyuta, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe na vikombe viwili vya chai mikononi.

Video ilikuwa ya harusi yao. Bibi harusi alikuwa yeye. Mwanya, rafiki yake tangu shule ya msingi, alikuwa mpambe: alitembea nyuma yake ukumbi mzima, ameushika mkia wa gauni ambao mshonaji aliushona kwa mikono yake na kuuzidisha urefu kwa furaha.

"Si ulisema duara linafuata uso unaouchagua?" aliuliza.

Mume alishtuka, akasimamisha video. "Ndiyo. Unabofya uso mmoja, basi, linaufuata popote." Akaifunga kompyuta haraka. "Usiangalie sasa, mke wangu. Bado haijakaa sawa."

Kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta. Kwa wiki kadhaa alikuwa akitengeneza moja ya kuchezesha video huku ikichora vitu juu yake: majina, mishale, maduara. Ya harusi aliitumia kwa majaribio kwa sababu, kama alivyopenda kutania, ndiyo video pekee ambayo hakuna mtu ambaye angemshtaki kwa kuichezea.

Kwa hiyo alibofya uso mmoja. Kati ya nyuso zote za ukumbi ule.

Mshonaji alirudi kwenye cherehani yake chumba cha pili, lakini kitambaa kilimwendea upande na uzi ukakatika mara mbili. Alikumbuka jinsi Mwanya alivyocheka siku ile, na ule uwazi wa meno yake ya mbele uliomfanya mpiga picha amgeukie hata pale bibi harusi mwenyewe alipokuwa amesimama mbele yake. Siku ile hakuona kitu. Alikuwa na furaha, na mwenye furaha hajui kuchunguza.

Mume alipokwenda kuoga, aliifungua kompyuta.

Bibi harusi alipita kati ya viti. Duara likamfuata Mwanya. Bibi harusi alikata kona. Duara likakata kona na Mwanya. Walipoketi, ndipo lilipomsogelea bibi harusi, bila haraka, kama mgeni aliyekumbushwa kumsalimia mwenye nyumba. Mshonaji alishusha pumzi. Lakini walipoinuka tu na kuanza kutembea, likarudi kwa Mwanya.

Mwaka mmoja wa ndoa, na alikuwa akimpikia mtu ambaye macho yake hayakuwa kwake hata siku ya harusi. Akachukua simu.

"Habari ya asubuhi, bibi harusi!" Mwanya aliitika. Hakuwahi kuacha kumwita hivyo.

"Una nini na mume wangu?"

Mwanya aliangua kicheko. "Huyu anayevaa soksi mbili zisizofanana? Shosti, hata ukinipa na cherehani juu yake, simtaki!"

"Ndiyo maana hakuna aliyekuoa," mshonaji alisema. "Ulipewa mkia wa gauni uushike, sasa unataka na bwana harusi."

Kwa mbali alisikia redio ikiimba upande wa pili, kisha mtu akaizima.

"Neno hilo ulikuwa nalo moyoni siku zote?" Mwanya aliuliza polepole.

"Nyumbani kwangu usikanyage tena."

"Sawa," Mwanya alisema. "Sikanyagi, ndugu yangu. Wala hutanisikia." Simu ikakatika.

Mume alitoka bafuni akipiga mluzi, taulo shingoni. Alimkuta mkewe amekaa mbele ya kompyuta iliyo wazi, begi la nguo limeegemea mguu wa meza. Mluzi ukamfia mdomoni.

"Umeiona," alisema.

"Nimeiona."

"Jamani! Nilitaka nirekebishe kwanza. Ilikuwa zawadi yako ya kutimiza mwaka."

"Zawadi?" Mshonaji alicheka bila kutaka. "Haya, rekebisha nione. Nikishaona, naenda kwa mama."

"Kwa mama? Mbona hukuniambia? Ningekusindikiza." Aliketi pembeni yake, maji yakimtiririka mabegani, akaanza kutafuta kwenye mistari mingi iliyojaa kiooni kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye zulia. "Subiri kidogo tu. Nimelifikiria nikiwa naoga. Video inakimbia kuliko mchoro. Programu ikishautafuta uso, ikachora, watu wenyewe wameshasogea."

Mshonaji alikuwa akitazama mlango.

Mume akabadilisha namba moja, akaianzisha video upya. "Tazama sasa."

Milango ya ukumbi ilifunguka. Duara jekundu likatokea hatua moja mbele ya Mwanya, juu ya shela, juu ya uso wa bibi harusi. Alipotembea, likatembea naye. Alipokata kona, likakata naye. Aliposimama kumtazama bwana harusi, likasimama na halikutikisika.

"Siku ile ulikuwa unatembea haraka mno," mume alisema, akicheka kwa raha ya mtu aliyemaliza kazi. "Wiki nzima linakukosa wewe, linamwangukia aliye nyuma yako. Hebu mpigie Mwanya, aje tucheke naye."