Sugu

Kwenye lango la kiwanda pekee kilichobaki mjini, nyapara hakuulizi vyeti. Anakushika kiganja na kukibonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Ukiwa na sugu, ingia. Ukiwa laini, rudi kwa mkeo.

Na mji huu, tangu viwanda vingine vifungwe, umejaa watu laini.

Fundi mwashi alikuwa kwenye foleni, ubavuni mwa ukuta. Sugu zake zilikuwa zimebanduka kwa kukaa bure. Jana usiku mkewe alimshika mkono.

"Mume wangu, viganja hivi ni vya fundi au vya karani?"



Sasa walibaki watu watatu mbele yake. Aliugeukia ukuta, akajifanya anauegemea, akasugua viganja kwenye matofali.

Viliteleza. Alijaribu ya pembeni, nayo yale yale. Akatupa jicho mpaka langoni: usawa wa mikono, ukuta mzima ulikuwa umelika, unang'aa kama kipande cha sabuni.

Mzee aliyekuwa nyuma yake alimgusa bega.

"Hayo tuliyamaliza mwaka jana, mwanangu. Piga magoti. Huko chini bado yanakwaruza."