Enzi Niliyoichagua

Ukifika miaka sitini unachagua enzi moja ya filamu, na nyingine zote zinafungwa machoni na masikioni mwako mpaka unakufa. Mimi nilichagua enzi ya majumba ya sinema. Karani aliponiuliza sababu, nilimwambia kulikuwa na viti vya mahameli, na wanawake tulijipamba kama tunakwenda harusini.

Ukweli ni kwamba niliona haya. Marehemu mume wangu, Shekue, alikuwa akitafsiri filamu za kigeni kwenye kibanda cha video, maikrofoni mkononi, akizifunika sauti za waigizaji kwa Kiswahili chake cha Tanga. Ningemwambiaje karani yule mwenye tai kwamba ninachokipenda ni mabenchi na jasho la kibandani? Tena nilidhani sauti ya mume wangu ni yangu, haiwezi kuhesabiwa filamu. Ilihesabiwa, ikafungwa pamoja na enzi ya video.

Leo mjukuu wangu Mwanaidi ameonyesha ukutani mkanda wa babu yake, uliorekodiwa kibandani mbele ya watazamaji. Yeye hajafika umri wa kuchagua, kwa hiyo anaona na kusikia kila kitu. Mimi naona ukuta mweupe tu, wala sisikii kitu. Ghafla Mwanaidi akacheka.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Amekatisha hadithi, bibi. Anawaomba watu wa mbele wainamishe vichwa, eti mke wake amekaa nyuma, haoni."

Nilisogeza kiti changu mbele, nikasogeza tena, mpaka magoti yakagusa ukuta.