Miezi Saba Bila Ugomvi

Kwa miezi saba, tangu Bi Mize augue saratani ya titi, mke mwenzake Salha hakuthubutu kumpandishia sauti. Aliamini magomvi yao ndiyo yaliyomtia ugonjwa. Leo kliniki, Bi Mize akiwa kando yake, alijikaza, akamuuliza daktari.

"Hapana, mama. Hatuna ushahidi kuwa ugomvi wenu ndio ulioleta saratani. Usijibebeshe mzigo huo."

Salha alilia njia nzima, mzigo umemtoka kifuani. Walipofika nyumbani, Bi Mize aliingia jikoni moja kwa moja, akaishika mbuzi ya nazi.

"Nani kanivunjia jino la mbuzi yangu?"

Salha akafuta machozi, akajishika kiuno. "Yako tangu lini? Nimekuja nayo mimi nyumba hii!"

Bi Mize akaikalia mbuzi, uso umemchanua. "Sema tena. Majirani hawajasikia."