Viganja vya Manjano

Kila asubuhi mke alikwangua karoti hadi vidole vikachubuka, akazichemsha polepole kwenye mafuta mpaka rangi yote ihamie humo, akachuja na kumjazia mumewe kichupa cha kwenda kunywa kazini. Macho ya mume yalikuwa yameanza kufifia.

"Namaliza chote, mama watoto," mume aliapa. Ajabu, viganja vyake havikugeuka manjano, na karoti zote zile hazimwachi mtu hivihivi.

Leo fundi cherehani alikuwa akimpima gauni. Viganja vilivyoshika utepe vilikuwa manjano kama bizari.

"Shoga, unakula karoti?"

Fundi akadeka. "Kuna mtu ananiletea mafuta ya karoti. Anakwangua mwenyewe, maskini."

Mke akashusha mikono, akamwonyesha vidole vyake vilivyochubuka.

"Mwambie kesho akwangue kweli."