Kikohozi Ndani ya Mashine

Mjinga wa siku ile alikuwa Gwakisa mwenyewe, muuza viazi wa Iyunga, wala hapingi. Daktari alipomuuliza kama kichwa, kilichokuwa kikimpasuka kila akikohoa, kinampasuka pia akicheka au akibeba gunia, alijibu kishujaa: "Hapana, ni hiki kikohozi tu. Nipe dawa ya maji niondoke."

Mkewe, aliyekaa pembeni, akamtekenya mbavu. Gwakisa akacheka, kisha akashika kisogo kwa mikono miwili na kuinama karibu aanguke.

Ndiyo maana sasa alikuwa amelala ndani ya bomba la mashine ya kupiga picha za kichwa, uso umefunikwa na kizimba cha plastiki. Daktari alitaka kuona kama kuna kitu kinabana huko nyuma, shingo inapoanzia. Mkewe alivua hereni, maana chuma hakiruhusiwi humo, akaruhusiwa kuingia, akawa amemshika kidole gumba cha mguu.

Mashine iligonga kama mafundi bati. Na kikohozi nacho kikaanza kupanda kooni. Akikohoa, kichwa kitapasuka, na picha itaanza upya.

Gwakisa akaminya ule mpira aliopewa mkononi wa kuita akizidiwa. Kelele zikakatika.

"Nitoeni! Mimi sikuja kuzikwa! Kikohozi kitapona chenyewe!"

"Tulia, mzee, imebaki picha moja," mpiga picha alisema kwenye spika.

"Sitaki! Natoka!"

Mkewe akakibana kile kidole.

"Toka, baba watoto. Lakini hicho kichwa utatoka nacho."